Je, mafunzo ya mawimbi ya ubongo yanaweza kukuongezea kumbukumbu?

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi mmelisikia huku ughaibuni: mafunzo ya mawimbi ya ubongo, yanayojulikana kwa jina la nyurofidibaki. Matangazo yake yamejaa kwenye intaneti na kwenye simu. Yanasema keti kwenye kiti, vaa nyaya kichwani, tazama filamu, na baada ya vikao kadhaa utakumbuka mambo kama ulivyokuwa kijana.

Si vigumu kuelewa kwa nini mtu anavutiwa. Chukua mfano wa mwenzetu anayefanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mchana anasoma uuguzi, jioni anawapikia watoto. Anafungua kitabu, anasoma ukurasa mmoja mara tatu, hakuna kinachobaki. Anasahau funguo, anasahau miadi, anamwita mtoto wake kwa jina la mdogo wake. Anaanza kuogopa: je, ubongo wangu unaharibika? Mwenye hofu hiyo akionyeshwa matibabu ya dola 3,000 anaweza kulipa bila kuuliza maswali mengi. Na dola 3,000 ni ada ya shule huko nyumbani, ni dawa za mzazi, ni paa la nyumba.

Kwa hiyo tutaeleza mafunzo haya ni nini, yanafanywaje, utafiti umeonyesha nini hadi sasa, na mambo gani uyafanye kwanza kabla ya kutoa pesa zako.

MAWIMBI YA UBONGO NI NINI?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Seli zake huwasiliana kwa kupeana ishara za umeme na kemikali. Seli nyingi zikifanya kazi kwa pamoja, umeme wake hupanda na kushuka kwa mpigo, kama vile ngoma ikipigwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mpigo huo unaweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa kwa kipimo kiitwacho EEG.

Umeme wenyewe ni mdogo mno. Betri ya kawaida ya tochi ina volti 1.5. Umeme wa ubongo unaopimwa kichwani ni kiasi cha sehemu 10 hadi 100 za volti moja iliyogawanywa mara milioni. Ndiyo maana mashine inapaswa kuukuza sana kabla ya kuuonyesha kwenye skrini.

Wataalamu wameyagawa mawimbi haya kwa kuhesabu mipigo kwa kila sekunde:

1. Delta: chini ya mipigo 4. Haya hutawala mtu akiwa katika usingizi mzito.
2. Theta: mipigo 4 hadi 8. Huonekana mtu akisinzia, na pia katika kazi fulani za kumbukumbu.
3. Alfa: mipigo 8 hadi 12. Huonekana zaidi mtu akiwa macho lakini ametulia, hasa akifumba macho.
4. Beta: mipigo 13 hadi 30. Huonekana mtu akiwa macho na akili iko kazini.
5. Gama: zaidi ya mipigo 30.

Mipaka hii si ya chuma. Kila mtu ana mpigo wake, na mpigo wa alfa hupungua kasi kidogo kadiri umri unavyosonga. Pia hakuna wimbi "zuri" na wimbi "baya". Theta nyingi mtu akiwa anaendesha gari ni hatari, lakini theta hiyo hiyo ina kazi yake mtu akiwa anajifunza.

Aliyeyarekodi kwanza mawimbi ya ubongo wa binadamu alikuwa daktari wa Kijerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena. Alifanikiwa mwaka 1924, akakaa nayo miaka mitano akirudia vipimo vyake, kisha akayatangaza mwaka 1929. Yeye ndiye aliyeona kwamba mtu akifumba macho alfa huongezeka, na akifumbua hupungua.

KUMBUKUMBU INAINGIA WAPI HAPO?

Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, kuna sehemu ndogo iliyopinda iitwayo hipokampasi. Bila sehemu hii huwezi kuweka kumbukumbu mpya za mambo yanayokutokea. Hili lilifahamika kwa uchungu mwaka 1953, Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alipofanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa chake na sehemu hizo zikaondolewa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 alishindwa kuweka kumbukumbu mpya. Alizungumza na daktari wake, daktari akatoka chumbani, na aliporudi akawa mgeni kwake.

Kumbukumbu huwekwa kwa hatua. Kwanza ni lazima usikilize au uone kwa makini. Usichokizingatia huwezi kukikumbuka. Pili, jambo hushikwa kwa muda mfupi, kama namba ya simu unayoitajataja hadi uiandike. Tatu, huhifadhiwa kwa muda mrefu, na kazi kubwa ya hatua hii hufanyika ukiwa umelala. Katika usingizi mzito mawimbi ya delta hupita polepole, na juu yake hutokea mipigo mifupi ya haraka, kiasi cha 12 hadi 15 kwa sekunde. Wakati huo ubongo huyarudia mambo ya mchana na kuyahamishia mahali pa kudumu.

Kwa sababu hiyo wanasayansi wakajiuliza: ikiwa kumbukumbu inakwenda na mipigo fulani, je, mtu akijifunza kuiongeza mipigo hiyo, kumbukumbu nayo itaongezeka? Hilo ndilo swali la nyurofidibaki.

KIKAO KINAKUWAJE?

Mtaalamu hukuketisha mbele ya kompyuta. Hupaka dawa nzito kama jeli sehemu chache za kichwa na kubandika vipokezi vidogo vya umeme viitwavyo elektrodi. Vingine hubanwa masikioni. Kompyuta husoma umeme wako na kukuonyesha matokeo papo hapo kwa njia rahisi: filamu inang'aa mpigo unaotakiwa ukipanda na inafifia ukishuka, au ndege kwenye mchezo anaruka juu na chini, au sauti inalia.

Hakuna anayekuambia ufanye nini ndani ya kichwa chako. Unajaribu mwenyewe, kama mtoto anayejifunza baiskeli. Huwezi kumweleza mtu jinsi ya kusawazisha baiskeli, lakini mwili huanguka, husahihisha, na mwisho huweza. Kikao huchukua kama nusu saa hadi saa moja, na kwa kawaida mtu huambiwa afanye vikao 20 hadi 40.

Mashine ya nyurofidibaki haiingizi umeme kichwani. Inasoma tu. Kuna vifaa vingine, vingine vinauzwa mitandaoni, ambavyo hupitisha umeme kichwani. Hivyo ni kitu tofauti kabisa, na haifai kuvijaribu nyumbani bila daktari.

MAFUNZO HAYA YALIANZIA WAPI?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwauliza watu wakiwa wamefungwa elektrodi: sasa hivi uko katika alfa au hauko? Kila walipojibu aliwaambia kama wamepata au wamekosa. Baada ya muda wengi wakawa wanapata, na baadaye wengine wakaweza kuiongeza alfa kwa kutaka. Ilikuwa ni habari kubwa, kwani ilidhaniwa mtu hana uwezo wowote juu ya umeme wa ubongo wake.

Katika miaka ya 1960, Barry Sterman huko California aliwafundisha paka kuongeza mpigo wa 12 hadi 15 kwa sekunde, akiwapa chakula kila walipofanikiwa. Baadaye paka walitumika katika utafiti mwingine wa sumu ya mafuta ya roketi, ambayo huleta degedege. Wale waliokuwa wamefundishwa walichelewa kupata degedege kuliko wenzao. Paka hajui nini maana ya matumaini, kwa hiyo hapa haikuwa suala la kujiaminisha. Mwaka 1972 Sterman na mwenzake walitangaza matokeo ya kwanza kwa binadamu mwenye kifafa.

Kutoka hapo mafunzo yakasambaa: watoto wasiotulia darasani, watu wasiolala, wanamuziki, wanamichezo, na sasa wanaotaka kumbukumbu.

UTAFITI UNASEMA NINI KUHUSU KUMBUKUMBU?

Tuseme kweli: majibu yamechanganyika.

Mwaka 2003 watafiti wa London, akiwemo David Vernon na John Gruzelier, waliwagawa watu wenye afya katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa kuongeza mpigo wa 12 hadi 15, la pili theta, la tatu halikufundishwa chochote. Baada ya vikao 8, kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi katika jaribio la kumbukumbu ya muda mfupi. Kundi la theta halikufaidika. Matokeo yalitia moyo, lakini watu walikuwa wachache, na waliolinganishwa nao hawakufungwa mashine yoyote. Mtu aliyehudumiwa na mtaalamu mara nane anaweza kujitahidi zaidi kwa sababu hiyo tu.

Mwaka 2008 watafiti wa Salzburg, Austria, walitumia mpigo huo huo kwa vijana 27 wenye afya. Waliofundishwa walipata ile mipigo mifupi ya usingizini kwa wingi zaidi, wakasinzia haraka zaidi, na walikumbuka maneno vizuri zaidi. Hapo wengi wakasema dawa imepatikana.

Lakini mwaka 2017 watafiti wa Salzburg hao hao walirudi na jaribio kali zaidi, safari hii kwa watu wenye tatizo la kukosa usingizi. Kila mmoja alipata mafunzo ya kweli na pia mafunzo ya bandia, na hakuna aliyejua ni yapi. Matokeo? Watu walisema wanalala vizuri zaidi baada ya yote mawili, sawasawa. Na mashine zilizopima usingizi wao hazikuonyesha mabadiliko.

Kwa upande wa watoto wenye ADHD, yaani wasiotulia na wasioweza kuzingatia, hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watoto 144 wa miaka 7 hadi 10. Wengine walipata mafunzo ya kweli, wengine ya bandia, vikao 38. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, na hakukuwa na tofauti kati yao. Mwishoni mwa mwaka 2024 wataalamu walijumlisha majaribio 38 yenye washiriki 2,472 wakaona kwamba, kwa wastani, faida kwa dalili za ADHD haikuwa ya maana. Mzazi anayeambiwa alipe maelfu ili mtoto wake aelewe darasani anapaswa kulijua hili.

Kwa kifupi: mtu anaweza kweli kujifunza kubadilisha mawimbi yake kidogo. Lakini kwamba mabadiliko hayo ndiyo yanayompa kumbukumbu bora katika maisha ya kila siku, hilo bado halijathibitishwa. Na hakuna ushahidi kwamba nyurofidibaki inatibu au inazuia dimenshia, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili uzeeni.

MBONA BASI WATU WANASEMA IMEWASAIDIA?

Hawasemi uongo. Mtu anayekwenda kliniki mara mbili kwa wiki hukaa saa nzima ametulia bila simu, bila watoto, bila bosi. Anasikilizwa. Anaanza kulala mapema kwa sababu ameambiwa usingizi ni muhimu. Anategemea nafuu, na kutegemea nafuu peke yake hupunguza wasiwasi. Wasiwasi ukipungua, umakini hurudi, na kumbukumbu nayo. Nafuu hiyo ni ya kweli. Swali ni kama ulihitaji kuilipia dola 3,000.

Jambo lingine ni misuli. Kukunja uso, kuuma meno au kupepesa macho hutoa umeme mkubwa kuliko wa ubongo. Mtaalamu mzuri huuchuja. Mikanda ya bei nafuu ya kuvaa kichwani nyumbani, yenye vipokezi vichache vya kwenye paji la uso, inaweza kukusifu kwa kulegeza taya ukidhani umefundisha ubongo.

UKITAKA KUJARIBU, ULIZA HAYA

Kwa watu wengi wenye afya nyurofidibaki haina madhara makubwa. Wengine hupata maumivu ya kichwa, uchovu, wasiwasi au usingizi kuvurugika kwa muda. Ukiamua kujaribu:

1. Uliza bei yote, si ya kikao kimoja. Kwa Marekani kikao mara nyingi ni dola 100 au zaidi. Vikao 30 ni dola 3,000 na kuendelea. Bima nyingi hazilipi. Kwa Uingereza NHS kwa kawaida haitoi huduma hii, kwa hiyo utalipa mwenyewe.
2. Usilipie vikao vyote kwa mkupuo. Lipa kidogo kidogo, na uulize mapema ni baada ya vikao vingapi mtaamua kama inafaa au mwache.
3. Uliza huyo mtaalamu ana leseni gani ya afya. Nchini Uingereza jina la mtoa nyurofidibaki halilindwi na sheria, mtu yeyote anaweza kujiita hivyo. Mwanasaikolojia wa tiba ni lazima awe kwenye daftari la HCPC, nawe unaweza kumtafuta humo bila malipo. Kwa Marekani kuna cheti cha BCIA, lakini cheti hicho peke yake si leseni ya kutibu.
4. Kama una kifafa, umewahi kuumia kichwa, au unatumia dawa za akili, zungumza na daktari wako kwanza. Usiache dawa za kifafa hata siku moja kwa sababu umeanza mafunzo.
5. Mtu akikuambia inaponya kila kitu, kuanzia usahaulifu hadi kisukari, aga uende zako.

Kuna na suala la nywele na stara. Elektrodi ni lazima zigusane na ngozi ya kichwa. Rasta, weaving na misuko minene inaweza kuzuia, na vifaa vingi havikutengenezwa kwa kufikiria nywele zetu. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walitangaza vibanio maalumu vinavyokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Wengi bado hawana vifaa hivyo. Basi piga simu kabla ya kwenda, uulize usuke vipi. Dada anayevaa hijabu atahitajika kuivua kichwani. Omba mapema mtaalamu wa kike na chumba cha faragha. Kuomba hivyo ni jambo la kawaida, wala usione haya. Ushauri huu unafaa hata kama daktari amekuandikia kipimo cha EEG hospitalini.

KABLA YA YOTE: KWA NINI UNASAHAU?

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote. Kusahau kwingi kwa watu wa makamo huku ughaibuni kunatokana na mambo yanayoweza kupimwa na kurekebishwa. Mwone daktari na umwombe aangalie haya:

1. Usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa siku. Anayefanya shifti za usiku au kazi mbili mara nyingi anapata 4 au 5. Hakuna mashine inayoweza kufidia hizo zinazokosekana.
2. Kukoroma na pumzi kukatika usingizini. Ukiamka na uchovu na kichwa kizito ingawa umelala saa nyingi, mwambie daktari. Inatibika.
3. Huzuni na msongo. Kuwa mbali na wazazi, kungoja makaratasi, madeni, msiba uliousikia kwa simu bila kuweza kwenda kuzika. Haya hula umakini, na bila umakini hakuna kumbukumbu.
4. Upungufu wa vitamini B12. Wenye kisukari wanaotumia metformini kwa miaka mingi, na wasiokula nyama wala maziwa, wako kwenye hatari zaidi. Kipimo ni cha damu tu.
5. Tezi ya shingo kufanya kazi polepole, na upungufu wa damu.
6. Dawa. Baadhi ya dawa za mafua, mzio na usingizi zinazouzwa bila cheti cha daktari huleta usingizi na usahaulifu, hasa kwa wazee. Nenda na dawa zako zote ndani ya mfuko, zikiwemo za mitishamba ulizotumiwa kutoka nyumbani.
7. Shinikizo la damu na kisukari. Hivi huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya.
8. Masikio na macho. Usichokisikia vizuri hukukisahau. Hukukipata tangu mwanzo.

Mwaka 2024 kamati ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusika na karibu 45% ya dimenshia duniani. Yamo shinikizo la damu, kisukari, kutosikia vizuri, sigara, kutofanya mazoezi, huzuni na upweke. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji elektrodi.

Msiogope gharama kabla ya kuuliza. Uingereza, kujiandikisha kwa daktari wa familia ni bure na hakuhitaji kuonyesha hati za uhamiaji. Marekani kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato. Na katika nchi zote mbili una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili hospitalini bila malipo. Usimtumie mtoto wako kukutafsiria habari za afya yako.

NJIA ZENYE UHAKIKA ZAIDI

Kwanza, usingizi, hata kwa mfanyakazi wa usiku. Ukitoka shifti ya usiku vaa miwani ya jua njiani kama huendeshi gari, ili mwanga usiuamshe mwili. Funika madirisha kwa pazia zito, zima simu, waambie nyumbani wasikupigie saa hizo. Wakumbushe tofauti ya saa. Kahawa iishe saa 6 au zaidi kabla ya kulala. Baada ya kusoma jambo gumu, lala. Usingizi ndio unaolihifadhi.

Pili, miguu. Mwaka 2011 huko Marekani wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Waliotembea kwa haraka dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao ziliongezeka kwa kama 2%. Za wale waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu zilipungua. Si tafiti zote za baadaye zimepata ongezeko hilo, lakini kutembea hushusha shinikizo la damu, huleta usingizi, na hakuna risiti.

Tatu, kujipima. Hapa wengi watafurahi. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walitoa utafiti uliofanywa Marekani kuhusu njia bora ya kukariri, na lugha waliyoitumia ni Kiswahili! Wanafunzi wasiojua Kiswahili walipewa maneno 40, kama "mashua", pamoja na maana yake kwa Kiingereza. Walipolipata neno mara ya kwanza, wengine waliendelea kulisoma tu bila kujipima tena. Wengine waliendelea kujipima. Baada ya wiki moja, walioendelea kujipima walikumbuka kama 80%. Walioacha kujipima, hata kama waliendelea kusoma, walikumbuka kama 36% tu. Na kabla ya hapo wote walipoulizwa watakumbuka kiasi gani, walikisia karibu nusu, bila kujua nani atashinda.

Maana yake ni hii: kusoma ukurasa mara tano kunakudanganya kwamba unaujua. Funga kitabu, jiulize, jibu kwa sauti, kisha fungua uone. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Wanaojiandaa na mtihani wa Life in the UK, wenye maswali 24 ambayo unatakiwa upate angalau 18, wafanye hivyo. Wanaoomba uraia wa Marekani, ambao kwa maombi ya kuanzia Oktoba 20, 2025 wanajiandaa na maswali 128 na kuulizwa hadi 20, wafanye hivyo pia. Andika swali upande mmoja wa karatasi na jibu upande wa pili, weka mfukoni, jipime kwenye basi. Mwenzako wa nyumbani akuulize wakati unapika. Ni njia ile ile ya madrasa na ya meza ya kuzidisha shuleni: mwalimu hakuridhika ukiangalia ubao, alitaka useme ubao ukiwa umefutwa.

Nne, watu. Upweke ni adui wa ubongo. Mazungumzo ya Jumapili, kikundi cha akina mama, bao na kahawa na wazee wenzako, vyote vinakulazimisha kukumbuka majina, habari na hoja.

LINI UMWONE DAKTARI HARAKA?

Kusahau umeweka funguo wapi ni kawaida. Si kawaida mtu kupotea kwenye njia anayoipita kila siku, kurudia swali lile lile ndani ya dakika chache, kushindwa kupika chakula alichokipika miaka yote, au kubadilika tabia hadi familia ishangae. Mzazi akiwa hivyo msiseme "ni uzee tu", wala msikimbilie kusema amerogwa. Mpelekeni akapimwe.

Na kama mtu amechanganyikiwa ghafla, uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Piga simu saa hiyo hiyo: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman. Usingoje kesho.

Ndugu wasomaji, ubongo wako umejifunza lugha ya mama, Kiswahili, Kiingereza au Kiarabu, njia za mji mgeni na sheria za nchi ngeni. Hiyo si akili iliyoharibika. Mara nyingi ni akili iliyochoka. Anza na usingizi, kipimo cha damu na kutembea. Baada ya miezi mitatu, kama bado una hamu ya nyurofidibaki na pesa za kuchezea unazo, utakwenda ukijua unachokinunua.

Makala hii ni ya kuelimisha na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Mtumie na ndugu ambaye hasomi hapa. Tunawatakia afya njema.